Shule Asiyoiamini Mwenyewe

Waheshimiwa marafiki, leo nimeikataa shule iliyokuwa tayari kumpokea binti yangu.

Ni ile mpya ya mtaa wa Munuki, hapa Juba, yenye bango kubwa kuliko darasa.

Mkurugenzi alitupokea kwa majivuno: "Mzee, hapa watoto iko naongea Kizungu tu. Shule kama hii Juba hakuna!"

Binti yangu alikuwa amekwisha kujichagulia dawati.

Nikauliza kwa adabu: "Na wanao, Mheshimiwa, wamo darasa gani?"

Akacheka. "Wangu? Wangu iko Kampala, bweni. Juba kuna shule gani?"

Alipotambua alichokisema, akaanza kukohoa.

Nilimshika binti mkono, nikamtakia bwana yule safari njema atakapokwenda kuwaona wanawe.

Ndugu wa mitaa ya Atlabara na Nyakuron, nielekezeni: ni mkurugenzi yupi mjini humu anayewasomesha wanawe katika shule yake?