Baukje, fundi wa joto anayewafumbua macho wanunuzi wa nyumba

Saa mbili asubuhi, na giza la Januari bado halijaachia vizuri mjini Dokkum. Baukje Terpstra amechuchumaa nyuma ya nyumba ya watu, sikio lake karibu liguse sanduku kubwa la chuma lenye feni, pampu ya joto ya nyumba hiyo. Anasikiliza. Kisha anavua glavu, anapitisha kidole kwenye feni na kukitoa na utando wa buibui.

"Huyu amelala," anasema. "Na si leo wala jana."

Nyuma yake wamesimama Wobbe, dereva wa lori la maziwa, na mkewe Nynke, muuguzi mwenye mimba ya miezi saba. Wanataka kuinunua nyumba hii, na wamemlipa Baukje aikague. Tatu walizozipenda kabla yake zimechukuliwa na wengine, na dalali amewapa mpaka saa kumi jioni watoe jibu.

"Mtambo wa mseto, mama!" dalali anampigia debe Nynke. "Pampu ya joto na boila ya gesi, vyote ndani. Bili itashuka mpaka mcheke."

"Tucheke sisi au ucheke wewe?" Nynke anamjibu.

Baukje, mwenye miaka hamsini na mbili, ameyasikia maneno hayo mara nyingi. Mseto, anasema, ni kitu kizuri. Siku za baridi ya kawaida pampu hutumia umeme kuvuta joto lililomo kwenye hewa ya nje. Baridi ikikaza, boila, inayochemsha maji kwa gesi, inaingia kusaidia. "Ni kama wapishi wawili jikoni. Wakielewana, mnakula vizuri. Wasipoelewana, mmoja anapika na mwingine anakula mshahara."

Ufundi ulimpata ukubwani. Alikuwa akiuza mikate pale yeye na mumewe, Harmen, walipohamia nyumba yao ya kwanza. Waliambiwa boila ni mpya. Baada ya funguo kubadili mikono ndipo walipojua kwamba boila hiyo ilikuwa ya kukodi, mkataba wake umewarukia wao, na rejeta za ukutani, zinazopitisha maji ya moto kupasha vyumba, zilikuwa ndogo mno. Majira yote ya baridi waliishi katika chumba kimoja, naye Harmen ana mapafu mabovu.

"Fundi alikuja, akakaa dakika ishirini, akaondoka bila kunieleza neno," anakumbuka. "Nikajiuliza, humo ndani mna uchawi gani?"

Akiwa na miaka arobaini na moja alijiandikisha darasa la jioni la ufundi wa mitambo ya joto. Alikuwa mwanamke pekee kati ya wanafunzi kumi na watano. "Siku ya kwanza mmoja akaniagiza kahawa. Nikamkabidhi spana." Leo hutoza yuro 175 kukagua nyumba moja, na mwezi mzuri humwachia kama yuro 2,600 za kuendesha nyumba.

Asubuhi hii anapanda darini iliko boila, anasoma maandishi ya kwenye kioo chake, anashuka. Jikoni anamkuta mwenye nyumba, Mzee Reinder, wa miaka themanini na moja, amevaa sweta mbili.

"Mzee wangu, pampu imezimwa. Nani aliizima?"

Mzee anageuza kikombe chake cha kahawa. "Aukje ndiye aliyeijua. Mke wangu. Alipofariki, ikaanza kulia, taa nyekundu. Nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka ikanyamaza." Anainamisha kichwa. "Tangu hapo ni gesi tupu. Nikaogopa bili, nikahamia hapa jikoni. Majira mawili ya baridi sasa."

Dalali anaruka. "Mzee Reinder! Hayo si ya kusema mbele ya wanunuzi!"

"Nyumba ni yangu, kijana. Na aibu ni yangu."

Wobbe anamvuta mkewe mkono. "Twende zetu. Hii ni mbovu."

"Ngojeni kwanza," Baukje anawaambia. "Kulala si kufa."

Amelipwa kukagua tu, hakulipwa kutengeneza. Lakini anarudi darini. Kumbe taa nyekundu ilikuwa ikilalamikia maji yaliyopungua kwenye mabomba. Anaongeza maji, anatoa hewa kwenye rejeta moja baada ya nyingine, anasafisha chujio, anawasha. Nje, feni inatikisika, inasita, kisha inaanza kuzunguka.

Baada ya saa moja Nynke anagusa rejeta ya sebuleni. "Mbona vuguvugu?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mwanangu. Pampu haiunguzi mkono. Inafanya kazi taratibu, kutwa nzima. Anayeizima akitoka na kuiwasha akirudi, anaishia kuchoma gesi, maana nyumba ikishapoa, boila ndiyo huitwa kuipasha."

Kisha anawapa na machungu ya nyumba hiyo. Pampu ina miaka tisa, huenda imebakiza sita. Rejeta ya chumba atakacholala mtoto ni ndogo, na dirisha lake ni la kioo kimoja. Boila, angalau, si ya kukodi. Karatasi ameziona kwa macho yake.

Wobbe na Nynke wanajadiliana ndani ya gari lao. Saa tisa wanarudi na jibu: watanunua kwa yuro elfu nane pungufu, pampu ikifanya kazi wiki nzima bila kuzimika. Dalali anafungua mdomo kupinga. Mzee Reinder amekwisha kutoa mkono wa kukubali.

Walipomwacha, anasimulia Baukje, mzee alikuwa amehamishia kiti chake sebuleni na kuvua sweta moja. "Harmen akaniuliza, umelipwa kiasi gani kwa kazi hiyo ya ziada? Nikamwambia, biskuti moja. Akasema, kwa mzee wa huku, ambako hata biskuti hutolewa kwa kuhesabiwa, hiyo ni karamu."

Jumamosi ya kwanza ya Machi ataanza darasa la bure kwa wanunuzi wa nyumba, katika maktaba ya mji. Waliojiandikisha ni thelathini na mmoja, na yeye hajawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watano. Amekuwa akijizoeza mbele ya Harmen, ambaye husinzia.

"Sitaki watoke wakiwa mafundi," anasema, akifuta grisi vidoleni. "Nataka kila mmoja aweze kumtazama dalali usoni na kumwambia: iwashe, nione. Wakitoka na hilo moja, mwaka ujao nitafungua darasa la pili, la wanawake wanaotaka kushika spana."