Hereni za Ng'ombe wa Burungu

Murekatete alikuwa na kijicho, tuseme ukweli mapema. Alitengeneza simu pale Mweso na mikono yake ilikuwa myepesi, lakini Aurélie akitajwa tu, chai ilimgeukia shubiri mdomoni. Walisoma ufundi pamoja Goma, dawati moja. Aurélie alikuwa na baba, malisho na ng'ombe huko kwao Burungu. Ng'ombe wa kina Murekatete waliishia vitani, hata ndama hakubaki.

Sasa wafugaji wa Burungu walitaka hereni za masikio zenye antena ndogo, ila mashine izisome toka mbali, ng'ombe akipita tu langoni ajulikane ni wa nani. Kazi ingekwenda kwa fundi mmoja. Murekatete aliitaka, na zaidi alitaka Aurélie aikose.

Alikunja waya mrefu wa shaba nyoka-nyoka mpaka ukaenea kwenye kipande kidogo cha plastiki. Akaijaribu antena yake juu ya ubao. Kuomba ng'ombe wa jirani? Hata kidogo. Maskini akizungukazunguka zizi la watu husemwa anahesabu mali zao.

Siku ya majaribio, hereni yake ilipovishwa sikioni, mashine ilinyamaza mpaka iliposogezwa karibu kugusa. Sikio ni nyama na damu, na maji yaliyomo huivuruga antena iliyopimwa kwenye mbao kavu. Ya Aurélie ilisomeka toka ng'ambo ya zizi.

"Mcheza kwao hutunzwa," Murekatete alinung'unika, roho ikimuuma.

Papa Karangwa, mkubwa wa wafugaji, alimpa nafasi ya pili. Jioni ile Aurélie alifika kwake akivuta mtamba kwa kamba.

"Dada, kamata huyu. Iko yako sasa. Utajaribia kwake."

Kwao, aliyepewa ng'ombe humsifu mtoaji mbele za watu, na hamsemi vibaya tena maisha yake yote. Murekatete alitamani kumfukuza yeye na mtamba wake, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Jumapili baada ya misa alisimama akamsifu Aurélie, kila neno likimkwaruza koo.

Kisha akarudi kwa mtamba, akapunguza waya kidogo kidogo hadi sikio na antena vikapatana. Jaribio la pili, hereni yake ilisomeka mbali kuliko ya Aurélie.

"Kazi iko ya Murekatete," Papa Karangwa alisema.

Aurélie alipiga makofi, akicheka kwa furaha. Murekatete alimkazia macho, akiutafuta wivu usoni mwake, hata chembe. Haukuwapo, na hilo lilimuuma kuliko kushindwa.