Juma ya Mwisho ya Kushona Nyavu

Kwa miaka makumi mbili na mbili kazi yangu ilikuwa kukaa. Nilikaa kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa ukitoka Kongo, miguu imenyooka, wavu umefungwa kwenye kidole kikubwa cha muguu, sindano ya mbao mukononi, nikashona matundu. Wavuvi walileta nyavu zao kwa kinga, yaani baiskeli, kutoka Kabuta, wengine kwa mutumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa cha humu ziwani, wakazitupa mbele yangu kama nguo chafu. Ziwa nililiona kila siku, maana liko pale chini ya njia. Kusafiri juu yake nimesafiri mara moja tu, siku nilipovuka kutoka Kongo, na nilitapika mpaka wasafiri wengine wakaanza kuniombea. Muke wangu anapenda kuwaambia wageni: "Huyu ni mwanaume wa maji. Maji ya kuoga, na yenyewe yakuwe moto."

Halafu zikaja nyavu za plastiki. Ni nyepesi, bei yake ni ndogo, na zikipasuka mutu anaziacha kwenye matete na kununua zingine. Patro aliyekuwa ananipa kazi, mwenye mitumbwi mingi, alikuja mwenyewe kunieleza, na pakiti ya sukari mukononi. Nilipoiona ile sukari nilijua kuna neno.

"Mukubwa," akasema, "miye sikufukuze. Ni kazi njo imekwenda."

Nikasema asante ya sukari.

Kule Mantapala, kwenye makao ya wakimbizi, kituo cha afya kilikuwa kinatafuta mutafsiri: mutu wa kuchukua Kiswahili cha wagonjwa, kukipeleka kwa munganga kwenye Kibemba ao Kiingereza, na kurudisha majibu. Nimesoma sekondari, luga hizo ninazo zote, nusu nusu. Niliandika barua, wakaniita. Mama muuguzi aliyenipokea alinipa sheria moja: "Usiongeze, usipunguze. Hata neno likiwa baya. Ukilipunguza, mutu anarudi kwake bila kujua ugonjwa wake." Nikajibu ndiyo, madamu. Kwenye biro, yaani ofisini, neno ndiyo halina uzito.

Ningeanza siku ya kwanza ya juma iliyofuata, Jumatatu. Ningelala kule siku tano, nirudi mbili. Miye ambaye nikilala upande mwingine wa kitanda changu nasikia nimehama nchi.

Muke wangu alinitayarisha kama mutoto wa shule. Kwenye salaula, pale wanapopanga mitumba chini, alininunulia shati ya mikono mirefu na viatu vyeusi vya kufunika vidole. Kidole changu kikubwa, ambacho kamba za nyavu zilikuwa zimekichimba mufereji, kilikataa kuingia. Akakisukuma. Kisha akakaa kwenye kiti, akashika tumbo, akajifanya mugonjwa, ili nijaribu kazi.

"Maumivu iko wapi, mama?"

"Iko kwenye baraza. Inakaa pale miaka makumi mbili na mbili, haitoki."

"Ilianza lini?"

"Siku ya ndoa."

Tulicheka. Halafu akanyoosha muguu na kusema: "Sasa jaribu neno gumu. Uniambie mutoto wangu hatapona." Nilitafuta lile neno, nikalipata, likakataa kutoka. Nikamwambia ile tutafanya kesho.

Siku ya tatu ya juma, asubui, wavuvi wawili wa Kabuta walifika kwangu na wavu uliolowa, samaki wameshaoza ndani. Waliukuta unaelea karibu na matete, upande wa kaskazini, bila mutumbwi, bila mutu. Huku kwetu wavu ukiokotwa hivyo, unapelekwa kwanza kwa mushonaji, maana kila mushonaji ana fundo lake la kumalizia. Langu nalizungusha mara tatu na kuacha mukia wa uzi, mrefu kama ukucha.

"Fundo ni ya kwako?" wakauliza.

"Ni yangu," nikajibu. Fundo linamutaja mushonaji tu. Mwenye wavu anabaki kwenye kichwa cha mushonaji.

Nyuma yao alikuja mwanamuke, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Bwana yake alikuwa ametoka siku mbili kabla kwenda kutega upande wa Kilwa, hajarudi. Yule bwana na miye tuliitana ndugu, kwa hiyo muke wake aliniita mulamu, yaani shemeji. Alisimama kwenye nguzo ya baraza, hakuketi.

Nikaupitisha wavu mikononi, na kwenye kona nikakuta kiraka cha uzi wa bluu. Mwezi uliopita uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikatia ule wa kufungia mufuko wa unga. Mwenye wavu alicheka siku ile: "Ndugu, umenishonea kama patalo ya mutoto iliyopasuka magoti."

Nikaweka kiganja juu ya kile kiraka.

"Mulamu, ni ya bwana yangu?"

"Nyavu ni nyingi," nikasema. "Nimeshonea watu wengi. Siwezi kujua."

Akapumua. "Basi bwana iko Kilwa. Pengine upepo ulimukatalia."

"Inawezekana," nikasema. Nilikuwa nimeshapunguza, sasa nikaongeza.

Walipoondoka muke wangu alitoka ndani. "Ule uzi wa bluu miye njo nilikupatia."

"Najua."

"Sasa?"

"Kesho."

"Weye, kila kitu kigumu ni kesho."

Kama ningesema, ndugu za yule bwana wangekwenda saa ile kwenye matete ya kaskazini, pale wavu ulipookotwa. Badala yake walituma mutumbwi Kilwa kuuliza. Ulikwenda siku moja, ukarudi siku ya pili, na jibu kwamba hakuna aliyemwona. Siku hizo mbili nilikuwa ndani ya nyumba, natembea na viatu vipya kutoka mulango hadi kitanda. Nilisema navizoesha.

Siku ya tano, jua likielekea kushuka, nilikwenda kwake. Alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria kubwa, kipimo cha watu wawili.

"Mulamu, ule wavu ni wake. Kuna kiraka nilishona miye."

Hakuacha kukoroga mara moja. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu pale baraza."

Akatoa sufuria kwenye moto, akaita shemeji yake kwa sauti ya mutu anayeomba ndoo. Yule shemeji na ndugu zake wakatoka jioni ileile. Walimupata kesho yake asubui, ndani ya yale matete. Maji na jua la siku zote hizo yalikuwa yamefanya kazi yao. Walimufunga ndani ya turubai palepale kwenye mutumbwi, na walipofika pwani walimukataza muke wake kufungua. Alizikwa siku ileile. Kuokoka hangeokoka, naamini alikufa kabla ya wavu kuonekana. Lakini siku ya tatu angeweza bado kuonwa uso.

Siku ya Mungu, Jumapili, nilikwenda kwenye kilio. Wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka moto. Wakanisogezea nafasi, wakaendelea na maneno yao. Sanduku langu lilikuwa tayari nyumbani, muke wangu alishalifunga kwa kamba. Nilipoingia ndani kuaga, mwenye kufiwa alikuwa chini kwenye mukeka, katikati ya wanawake. Aliangalia viatu vyangu, kisha miye.

"Unaanza lini?"

"Kesho, mulamu."

"Kule utakuwa unawaambia watu maneno ya munganga?"

"Ndiyo."

"Basi uwaambie."

Akageuka kumupokea mwanamuke aliyekuwa anaingia. Nikatoka nikichechemea, na muke wangu, aliyekuwa amesikia yote, hakunitania njia nzima mpaka nyumbani.