Pepeo la Aliya

Joto la Maskati lilipoanza kupungua, mwaka 1970, Bi Nasriya, mwalimu aliyekulia Unguja, aliwataka wanafunzi wake walete kazi za mikono. Iliyo bora ingetundikwa ukutani siku ya wazazi. Aliya, mtoto wa miaka saba, akaleta pepeo la ukili.

"Pepeo la nini, na joto limekwisha?" akamkejeli Sayyida, mwenzake wa dawati.

Darasa likacheka, ila si Bi Nasriya. Alilitazama pepeo huku na huku. Mkono unaoandika alifu, herufi ya mstari mmoja tu, ikapinda, umesukaje hivi?

"Mwanangu, nna shaka na pepeo hili. Kalisuka bibi yako?"

"Nimesuka mwenyewe, mwalimu."

"Haya, suka nione."

Aliya akatoa mkobani miyaa ya mkindu iliyobaki, akaishika kwa mkono wa kulia, ikamponyoka mara mbili.

"Mwongo huyo!" akasema Sayyida.

Machozi yakimlengalenga, Aliya akaihamishia miyaa mkono wa kushoto, ule ambao Bi Nasriya alimkataza kuuandikia tangu siku ya kwanza. Vidole vikaenda mbio.

Bi Nasriya alilitundika pepeo mwenyewe. Kisha akaichukua kalamu ya Aliya, akaitia katika mkono wake ule ule wa kushoto.