Mzee wa Mkuki na Mkamwana Wake

Atupele alikaanga magege kwenye kibaraza cha duka la Mansuri, Kyela mjini. Samaki wake hawakuungua, na askari wake hawakufa hovyo. Askari hao walikuwa ndani ya televisheni.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakaanza kujaa redio na mafuta ya nywele. Shabani, shemeji yake Mansuri, alileta mashine nyeusi ya gemu na kaseti moja tu ya vita. Vijana wakaijaribu, ikawachosha. Humo hukimbii wala hupigi ovyo. Uwanja una miraba kama karatasi ya hesabu. Unamsogeza mtu wako kiasi chake, anapiga au anaganga, kisha unatulia adui naye afanye yake. Vijana walitaka gemu la mpira. Mashine ikabaki sebuleni kwa Bibie, mke wa Mansuri, na Atupele akawa anaingia kila jiko lake linapopoa, mtoto mgongoni.

Kaseti iliandikwa namba mbili. Ya kwanza hakuna aliyeiona Kyela yote.

"Sasa hawa waligombania nini huko mwanzo?" Bibie aliuliza.

"Mpaka wa shamba la mpunga," Atupele akajibu bila kufikiri. "Mto ulihama."

Bibie akaridhika. Hata Angetile, bibi jirani aliyeuza ndizi, akaridhika, akavuta mkeka karibu. Siku hiyohiyo Angetile akaanza kugawa undugu. Kijana mwenye upanga akaitwa Nsajigwa. Dada wa kanzu nyeupe, anayeponya majeraha, akaozwa kwa Nsajigwa. Mzee wa mkuki, mwenye ndevu, ambaye kuanzia kiunoni kushuka ni farasi, akawa baba yake Nsajigwa.

"Basi mkamwana asimsogelee," Angetile akasema.

"Bibi, huyu ni farasi," Bibie akasema.

"Chini farasi. Juu ni baba mkwe."

Bibie, ambaye wazee wake walitoka pwani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwetu mkwe unamwandalia chai na unakaa unamsikiliza anavyokohoa."

"Ndiyo maana mnachoka mapema," Angetile akamjibu.

Atupele hakucheka sana. Baba mkwe wake mwenyewe alipokuja kutoka Ipinda na mchele, yeye alipita nyuma ya nyumba. Kwa mila yao, hakumtazama, hakutaja jina lake. Sahani ilimfikia mzee mikononi mwa Jubilate, binti yake mkubwa, naye Atupele alisimama nyuma ya mlango akisikiliza kama kijiko kinagonga. Kikigonga haraka, alijua chumvi imekaa sawa.

Kwa hiyo kwenye gemu dada wa kanzu alimganga kila mtu isipokuwa mzee. Walifika mbali hivyohivyo, mzee akinywa dawa zake za chupa kama mgonjwa asiye na ndugu. Lakini vita ya mwisho, ya shetani mwenye pembe, ilikuwa imewashinda mara mbili, na mara zote ni kwa sababu mzee alianguka. Sasa Shabani ametuma habari: Ijumaa anaichukua mashine, kuna mteja ng'ambo ya mto Songwe, Karonga.

"Ikienda kabla hatujammaliza huyu pembe," Atupele alimwambia Bibie, "nitakuwa nimewaacha watu wangu porini."

"Watu wako wa kaseti."

"Ndiyo hao."

Ijumaa asubuhi Atupele hakuwasha jiko, akampakata mtoto. Walipigana mpaka shetani akabaki na uhai mdogo. Nsajigwa alikuwa hoi pembeni. Mzee peke yake alisimama usoni pa shetani, naye uhai wake umebaki tone, chupa zimekwisha. Akipigwa mara moja tu, basi. Dada wa kanzu alikuwa nyuma yao, nguvu zake za kuganga bado zipo.

Nje, Shabani aliegesha baiskeli. "Jamani, hodi. Nimekuja."

"Ngoja," wakasema wote watatu.

"Msogeze," Bibie akanong'ona. "Mungu anaona kuwa ni vita."

"Na watu wanaona pia," Angetile akasema.

Atupele aliushika ule mtambo wa vidole bila kubonyeza. Siku zote alikuwa amemweka mganga ubavuni mwa mgonjwa, kwa kuwa dawa hupakwa kwa mkono. Lakini chakula je? Chakula kilimfikia mkwe bila mkono wake. Akavuta kijitu kifupi chenye mkia, askari wake mdogo kuliko wote, akakisimamisha nyuma tu ya mzee. Kisha dada wa kanzu akasimama nyuma ya kijitu. Akabonyeza kuganga. Kialama cha kuganga kikaruka juu ya kijitu, kikatua kwa mzee.

"Kumbe inafika," Bibie akasema.

"Pana mtu katikati," Angetile akapitisha. "Hapo hakuna kosa."

Shetani akapiga. Mzee akayumba, hakuanguka. Zamu ilipomrudia akainua mkuki, na yule mwenye pembe akamomonyoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua.

Muziki ukabadilika, ukawa wa taratibu, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Shabani akanyoosha mkono kwenye waya.

"Wewe, acha," Atupele akasema. "Wanasomwa waliorudi vitani."

Yeye ndiye aliyemaliza darasa la saba, kwa hiyo akasoma. Hayakuwa majina ya Kizungu. Nakata. Morita. Yamane. Yalisomeka vizuri mdomoni, kama ya watu wa ng'ambo ya Songwe.

"Ndaga," Angetile akawashukuru, jina kwa jina, kichwa kimeinama. "Ndaga. Ndaga."

"Shangazi, ni wengi hao," Shabani akalalamika.

"Keti," Angetile akamwambia. "Hata wewe ungekuwa huko ungependa kusomwa."

Shabani akaketi kwenye ukingo wa mkeka. Atupele akamhamisha mtoto kwenye goti la pili, akaendelea kusoma.