Nilivyomfukuza Wifi Kama Protini

Mimi si mtu wa kutoka. Ukinitafuta niko jikoni, au niko sebuleni nafuma vitambaa vya kufunika makochi ambayo hakuna mgeni wa kuyakalia. Kwa hivyo hata chuki yangu ni ya nyumbani. Niliilea hapo hapo, nikailisha vizuri, ikanenepa.

Kwetu, wakwe wakija kuposa, kibuyu cha shangazi ndicho hufunguliwa kwanza: mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yakaganda. Shangazi ni mimi. Nimefungulia wasichana wanne bila aibu. Halafu wifi yangu, mke wa kaka yangu, akaambia akina mama wa kanisa kwamba maziwa yangu yaliharisha mtu. Mtu gani, hakusema. Posa ya binti yake ilipokaribia, akatangaza kwamba safari hii kibuyu kitakuwa chake.

Wakati huo binti ya dada yangu, anayesomea mambo ya bakteria kule chuo kikuu cha Kabianga, alikuwa kwangu likizo. Nikamuuliza kama bakteria wa kibuyu changu wanaweza kuharisha mtu.

"Auntie, hao ni wapole kukushinda."

Akanifundisha. Bakteria akihitaji kitu, ndani yake kuna mashine ndogo inayopita juu ya jeni ikiisoma herufi kwa herufi, huku ikitoa nakala kama uzi.

"Na inajuaje pa kuachia?" nikauliza.

"Njia ni mbili. Ya kwanza, uzi wenyewe unajikunja kama kibanio cha nywele. Mashine inakwama, na pale uzi ulipobaki umeshikwa na herufi dhaifu, unachomoka."

"Ya pili?"

"Kuna protini kama pete. Inadaka uzi, inaupanda, inafukuza mashine kutoka nyuma. Mashine ikipumzika kidogo tu, imefikiwa. Uzi unachomolewa, kusoma kumeisha."

Nikaweka sindano chini. Biolojia ya Fomu Foo nilipata D, na mwalimu akasema hiyo ni huruma. Lakini hiyo pete niliielewa mara moja.

"Huyo ni mimi," nikasema.

"Auntie, ni protini."

"Basi nayo iko na wifi."

Siku ya posa nilikaa nyuma ya wifi, mpole kama mgonjwa. Akafungua kibuyu chake, akamimina. Maziwa meupe kama chaki, hakuna hata chembe ya mkaa. Ng'ombe wake walikuwa wamekauka, na barabara nzima ilijua. Alikuwa amenunua ya paketi dukani akayatia kibuyuni!

Angenyamaza, pengine ningemsamehe. Naongopa, nisingemsamehe. Lakini hakunyamaza. Alimweleza bibi mzaa baba wa bwana harusi jinsi anavyochagua mti mwenyewe, anavyouchoma, anavyosugua kibuyu mpaka mkono unauma. Sikumkatiza. Ukimkatiza msemaji unampa nguvu. Nilimfuata neno kwa neno, taratibu, nikiupanda uzi wake. Mwishowe akanyamaza kidogo anywe chai.

"Wifi," nikasema, "na huo mkaa wote ulienda wapi?"

Bibi akainamia kikombe chake. Akakigeuza huku na huku.

"Kweli, mama. Hii si ni ya paketi?"

Wifi akachungulia ndani ya kibuyu chake, kana kwamba mkaa umejificha humo. Kaka yangu akaanza kuchunguza dari. Binti ya dada yangu akakohoa ndani ya leso, kikohozi kirefu cha uongo.

"Hamna kingine?" bibi akauliza.

Kilikuwepo. Kilikuwa chini ya shali yangu tangu asubuhi, kimenichoma mbavu na sikulalamika. Nikamimina, yakatoka mazito, ya kijivu, yananuka moshi. Bibi akanywa, kisha akanyoosha kikombe tena. Na wengine wakataka. Vikombe visafi vilikuwa jikoni, na mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kuvileta.

Alivileta kwa trei, macho chini.

"Asante sana, wifi," nikamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka zizini, nikaendelea kumimina polepole, nikimtazama.