Mkwe Aliyetuma Tafakari Msibani

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa lenyewe nililipiga chapa kwa vidole vyangu, nikalidurufu nakala arobaini, nikalifunga kwa kamba ya katani na kulipakia kwenye basi la Iringa. Mhariri, jina langu liache. Mbeya ni mji mdogo na mimi najulikana.

Najulikana kwa haki! Mimi ni mtoto wa mlimani, nimelima viazi kwenye mteremko ambao hata mbuzi huteleza. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilijisomesha kwa viazi, nikavuka bahari, nikarudi kutoka Ulaya na diploma ya ufundi wa majokofu. Najua mnacheka. Majokofu Mbeya, ambako maji ya mtungi yanauma meno! Chekeni tu. Diploma ni diploma, na ya kwangu iko ukutani, ndani ya kioo.

Nilirudi pia na taipureta na sanduku la vitabu. Pale Soweto, mtaa wetu hapa Mbeya, nikaanzisha kundi la marafiki wa kalamu, Mbeya hadi Iringa: walimu, makarani, wauguzi, Wakristo watupu. Wengi hatujaonana sura hadi leo. Kila mwezi tulitumiana kwa posta maneno ya waandishi wakubwa, na chini yake kila mtu anaandika tafakari yake ya imani. Jamani, tulikuwa watakatifu! Mmoja wa Iyunga alijiita "mdogo kuliko wote", halafu usipomsifu ananuna. Mwingine aliandika juu ya unyenyekevu kurasa tisa. Mimi nilikuwa mkuu wao. Nani mwingine alikuwa na taipureta?

Humo ndimo nilimompata binti wa Mlandege, Iringa. Nitamwita Neema. Yeye aliandika mistari minne, mitano, basi, na bado unairudia kuisoma. Tulionana, tukapendana, nikapeleka posa pamoja na mbuzi, ikapokelewa. Harusi ilipangwa baada ya mavuno. Baba yake, mzee mpole, aliniita mkwe kabla sijakaa vizuri.

Mwaka jana, wakati wa mvua, ikaja telegramu: BABA AMEFARIKI NJOO.

Maneno matatu! Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Mimi mwenye diploma nikaanza kuyatafakari.

Kwetu mnajua wenyewe: mkwe hafiki msibani kama mgeni. Anakuja na shuka la kumfunika marehemu, anavua koti, anashika jembe, anachimba kaburi pamoja na wenzake. Hata mkwe mlevi hufanya hivyo. Lakini mimi nilitazama mvua. Nikatazama viatu vyangu vya Ulaya. Nikajiambia: jembe yeyote anaweza kulishika, ila nani atawapa wafiwa hawa neno?

Nikakaa kwenye taipureta. Nikaandika "Tafakari juu ya Mauti", kurasa tatu, nikawapanga humo waandishi sita, wawili Wajerumani. Nililia mwenyewe nilipoisoma, jinsi ilivyokuwa nzuri! Nikadurufu nakala za kutosha kila mfiwa apate yake. Nikamkabidhi kondakta furushi, nikarudi kunywa chai, roho imetulia kabisa.

Nilikwenda Iringa baada ya wiki, barabara imekauka. Suti, tai, yote. Moyoni nilikuwa nimejiandaa kuwazuia watu wasinishukuru kupita kiasi.

Nilimkuta shangazi yake Neema uani, anapepeta ulezi.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mkwe. Karibu. Leo umekuja na kurasa ngapi?"

Nikacheka, nikidhani ni sifa! "Leo nimekuja mwenyewe, shangazi."

"Aa. Mwenyewe. Kaburi limeshaanza kuota majani, naye amekuja mwenyewe."

Akaweka ungo chini, akanisimulia. Siku ya maziko nyumba ilijaa, wachimbaji wamerudi, mkwe haonekani. Neema anawaambia watu, "Anakuja, ni barabara tu mbaya." Mara kondakta akaingia na furushi, zito, limefungwa vizuri. Neema akainuka mbele ya ukoo mzima: "Si niliwaambia? Ametanguliza shuka."

"Nikafungua mimi," shangazi akasema. "Nikatoa karatasi. Nikatoa nyingine. Nikapekua mpaka chini, natafuta shuka. Watani nao walikuwepo, unawajua watani msibani. Mmoja akalala chini, akajipangia makaratasi yako mwilini kuanzia kichwani, akapaza sauti: 'Mkwe msomi, mbona miguu inabaki nje? Ongeza ukurasa!' Watu wakacheka, baba. Maiti iko ndani, watu wanacheka. Na mwanangu amesimama pale, kamba ya furushi bado iko mkononi."

Nikajitetea. Ole wangu, nikajitetea! "Shangazi, yale yalikuwa maneno ya faraja ya Kikristo."

"Hata Yesu alichelewa msiba wa rafiki yake," akanijibu. "Lakini alikwenda. Kwa miguu."

Neema akatoka ndani, amenyolewa nywele. Hakunikaripia. Heri angenikaripia!

"Zile kurasa nimezisoma," akasema. "Nilikuwa namtafuta baba."

"Kumtafuta vipi?"

"Jina lake. Wazungu sita wamo, kila mmoja na mwaka aliozaliwa. Baba hayumo. Hebu niambie, baba yangu aliitwa nani?"

Jamani! Nilisimama pale na tai yangu. Mzee. Baba Neema. Baba mkwe. Sikuwa na jingine. Nilikula kwake, nikalala kwake, nikamwomba binti yake, na sikuwahi kuuliza.

"Nilijua," akasema, akaingia ndani.

Posa yangu ilirudishwa kabla ya mwezi kwisha, pamoja na mbuzi wake. Mbuzi alikuwa amenenepa. Walimtunza vizuri kuliko nilivyowatunza wao.

Marafiki wa kalamu nao walisikia. Mmoja, tena wa hapa hapa Mbeya, aliniandikia tafakari ndefu juu ya kiburi, imejaa waandishi hadi pembeni. Ilinichoma, maana ilikuwa kweli. Lakini hakuja kunisalimu, na kwangu anapafahamu. Ndivyo tulivyo! Tunafarijiana kwa stempu.

Basi ninyi mnaopenda kunakili maneno mazuri na kuyatawanya, sikilizeni. Ukiambiwa njoo, nenda. Nenda na matope, nenda bila neno. Uliza marehemu aliitwa nani, kisha omba jembe. Usiponisikia, watani watakusomea ulichoandika, na hutapenda wanavyosoma.

Mwezi uliopita nilikwenda makaburini Mlandege peke yangu. Jina lake lipo msalabani, kwa rangi nyeupe. Nililitamka kwa sauti, mara ya kwanza. Msiniombe niliandike hapa. Lile halitaingia kwenye karatasi yangu.